Chagua Dawa ya Chunusi kwa Kuitazama Chunusi Yenyewe

Daktari wa ngozi aliyenitibu hakuanza kwa kuniuliza nilikuwa natumia dawa gani. Aliniketisha karibu na dirisha, akavaa glovu, akaivuta ngozi ya shavu langu kwa vidole viwili mpaka ikakaza, kisha akaimulika kwa taa ndogo kutoka ubavuni. Mahali ambapo mimi kwenye kioo nilikuwa nikiona ngozi iliyoparara tu, vikajitokeza vipele vidogo vidogo vyeupe, visivyo na uvimbe wala maumivu, vimesongamana kama chembe za mchanga chini ya kitambaa. Akanipa kioo cha mkononi na kuniambia, "Hizi ndizo chunusi zako. Hayo majipu unayoyaogopa yanazaliwa na hizi." Kwa zaidi ya miaka miwili nilikuwa nikipambana na zile zilizokwisha kuiva, huku hizi zilizokuwa zikizizaa nikiziacha bila kuziona.

Naanza na tukio hilo kwa sababu swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote, tangu uso wangu utulie, ni hili: dawa nzuri ya chunusi ni ipi? Ni swali la haki, lakini halijakamilika, kwa kuwa chunusi si kitu kimoja, na dawa iliyomponya mtu mmoja inaweza kumwacha mwenzake vilevile alivyokuwa au hata kumwongezea madoa. Ninaamini kwa dhati kwamba mtu akitenga dakika kumi kuitazama ngozi yake kwenye mwanga mzuri kabla ya kununua chochote, atajiepushia miezi mingi ya kuhangaika.

Kila chunusi huanzia kwenye kitundu ambamo unywele huota, nacho kimeungana na tezi inayotoa mafuta ya kuilainisha ngozi. Mambo manne hushirikiana kuileta. Tezi hutoa mafuta mengi kupita kiasi, hasa homoni za aina ya androjeni zinapopanda wakati wa balehe. Seli zilizokufa, ambazo kwa kawaida hupukutika, hushikamana na kuuziba mdomo wa kitundu. Bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye huishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu bila kumdhuru, huongezeka ndani ya mafuta yaliyonaswa. Na mwishowe kinga ya mwili huingia vitani, na vita hivyo ndivyo tunavyoviona kama uvimbe, maumivu na wekundu, ambao kwenye ngozi nyeusi huonekana zaidi kama rangi ya zambarau au kahawia iliyokolea. Hakuna dawa ya kupaka inayoyagusa mambo yote manne kwa nguvu sawa. Kila moja ina jambo moja au mawili inayoyamudu, na hapo ndipo uchaguzi unapoanzia.

Sasa turudi kwenye kioo. Kitundu kilichoziba kikiwa bado kimeachama juu, vilivyomo ndani hukutana na hewa na kugeuka rangi, na hicho ndicho kichwa cheusi. Weusi ule hutokana na melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, na mafuta yaliyobadilika, si uchafu. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu niliwahi kuusugua uso wangu kwa kitambaa kigumu asubuhi na jioni nikidhani ninausafisha, na kadiri nilivyosugua ndivyo ulivyozidi kuvimba. Kitundu kilichofunikwa kabisa na ngozi nyembamba ndicho kichwa cheupe, kama vile daktari alivyonionyesha. Vikishaanza kuvimba huwa vipele vigumu vyenye maumivu, vingine huota usaha nchani, na vile vinavyozama chini kabisa huwa vinundu au vifuko vinavyouma hata usipovigusa. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyoacha makovu ya kudumu kwa urahisi zaidi, na mwenye navyo hapaswi kupoteza muda kwa dawa za kujaribisha. Amwone daktari wa ngozi mapema iwezekanavyo.

Zipo pia hali zinazofanana na chunusi lakini si chunusi. Iliyo maarufu zaidi ni ile ya fangasi kwenye vitundu vya nywele: vipele vya ukubwa mmoja, vinavyowasha, vinavyotapakaa kwenye paji la uso, kifuani au mgongoni, na katikati yake hukuti kichwa cheusi wala cheupe hata kimoja. Mtu akitumia antibiotiki kwa hali hiyo huweza kuzidishiwa, kwa kuwa bakteria wakipungua fangasi hupata nafasi, ilhali dawa ya fangasi kama ketokonazoli ingemtuliza. Kuwasha ndiyo dalili ninayomwuliza kila mtu kwanza. Chunusi za kawaida huuma zaidi kuliko zinavyowasha.

Kwa mtu ambaye tatizo lake kubwa ni vichwa vyeusi na vyeupe, kundi la kuliangalia kwanza ni retinoidi, dawa za jamii ya vitamini A. Hizi huzuia seli zisishikamane na kuziba kitundu, kwa hiyo hufanya kazi mwanzoni kabisa mwa safari ya chunusi, kabla hujaiona. Tretinoini ndiyo ya zamani kati yake. Adapalini ni mpya zaidi na kwa kawaida huchokoza ngozi kwa kiasi kidogo, ndiyo maana mimi humshauri anayeanza kumwuliza mfamasia kuhusu adapalini ya asilimia 0.1. Mwaka 2016 Marekani iliruhusu dawa hiyo ya nguvu hiyo iuzwe bila cheti cha daktari. Kwingineko sheria hutofautiana.

Namna ya kuipaka ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kiasi cha uso mzima ni tone la ukubwa wa punje moja ya njegere. Nililiweka kwenye ncha ya kidole siku ya kwanza, nikaliona dogo mno, nikaongeza mara tatu. Siku ya nne ngozi pembeni mwa pua na mdomo ilikuwa ikichubuka kama karatasi iliyoloa, na kila nilipotabasamu ilichoma. Namna sahihi ni kuosha uso kwa sabuni laini, kuusubiri ukauke kabisa, kuligawa tone hilo katika nukta ndogo kwenye paji la uso, mashavu na kidevu, kisha kulisambaza jepesi, ukiepuka kope, pembe za pua na pembe za mdomo. Haipakwi pale penye kipele peke yake, kwa sababu kazi yake ni kuzuia vile ambavyo bado havijatokea. Anza usiku mmoja ukiacha mmoja au miwili, na upake losheni ya kulainisha kabla au baada yake ngozi ikilalamika. Katika wiki za mwanzo huenda chunusi zikaonekana kuongezeka, na wengi huitupa dawa wakati huo huo ambapo ilikuwa imeanza kazi. Retinoidi hazitumiki wakati wa ujauzito.

Kwa vipele vilivyovimba na vyenye usaha, dawa ninayoiheshimu kuliko zote za kupaka ni benzoili peroksaidi. Huua bakteria kwa kuachilia oksijeni ndani ya kitundu, na uzuri wake mkubwa ni kwamba bakteria hawajengi usugu dhidi yake kama wanavyofanya kwa antibiotiki. Huuzwa kwa nguvu tofauti, mara nyingi asilimia 2.5, 5 na 10, na hapa ndipo watu wengi tunapojiumiza, kwa kudhani kwamba namba kubwa ndiyo tiba kubwa. Ile ya asilimia 2.5 hupunguza vipele vilivyovimba karibu sawa na ile ya 10, wakati ile ya 10 hukausha na kuchoma ngozi zaidi. Kwa uso, sioni sababu ya kuanzia juu ya 2.5. Ipo pia ya kunawia, unayoiacha kwenye ngozi dakika mbili tatu kisha ukaisuuza, nayo inafaa sana mgongoni na kifuani ambako ngozi ni nene na nguo hugusa.

Tahadhari ya nguo nimeipata kwa macho yangu. Foronya yangu ya rangi ya bluu iliyokolea ilibaki na doa la rangi ya chungwa iliyofifia, lenye umbo la shavu langu la kushoto, na hakuna sabuni iliyolitoa. Benzoili peroksaidi huondoa rangi ya vitambaa na hata ya nywele. Tumia taulo na foronya nyeupe, na osha mikono ukishapaka. Tena, usiichanganye na tretinoini kwa wakati mmoja, kwa sababu huidhoofisha. Moja ipakwe asubuhi na nyingine usiku. Adapalini haina udhaifu huo, na kuna dawa zinazoiunganisha na benzoili peroksaidi katika mrija mmoja, ambazo kwa mtu mwenye vichwa vyeupe na vipele vilivyovimba kwa pamoja, kama nilivyokuwa mimi, ni chaguo la busara sana.

Asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2 huyeyuka katika mafuta, hivyo hupenya kitunduni na kulegeza kilichoziba. Ni dawa ya upole, inawafaa wenye chunusi chache. Mwenye chunusi nyingi asiitegemee peke yake.

Asidi ya azelaiki ningependa ijulikane zaidi. Hupatikana kama jeli ya asilimia 15 au krimu ya asilimia 20, hupunguza bakteria, huzuia kuziba kwa vitundu, hutuliza uvimbe, na juu ya hayo husaidia kufifisha madoa yanayobaki chunusi ikipona. Aidha ni mojawapo ya dawa ambazo madaktari huzichagua kwa mama mjamzito. Inaweza kuleta hali ya kuchomachoma kwa dakika chache baada ya kupaka, hasa katika siku za mwanzo, lakini kwa watu wengi hali hiyo hupungua kadiri ngozi inavyoizoea.

Madoa hayo yanastahili maneno yao wenyewe, kwa sababu kwa sisi wenye ngozi nyeusi ndiyo yanayotutoa machozi kuliko kipele chenyewe. Ngozi ikivimba, seli zinazotengeneza melanini huchokozeka na kumwaga rangi nyingi mahali pale, kisha kipele kikiisha doa hubaki kwa miezi, pengine zaidi ya mwaka. Jambo ambalo sikulijua, na ambalo naona linapaswa kuongoza uchaguzi wote wa dawa, ni kwamba ngozi haitofautishi uvimbe uliotokana na chunusi na uvimbe uliotokana na dawa kali. Ukiichoma kwa benzoili peroksaidi ya asilimia 10, ukaisugua na kuibinya vipele, utapata madoa vilevile. Kwa hiyo mwenye ngozi nyeusi achague dawa yenye nguvu ya kutosha kutibu, lakini aianze polepole kiasi ambacho ngozi haitachubuka. Mafuta ya kujikinga na jua yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi, yapakwe kila asubuhi, kwa kuwa jua hukoleza madoa na dawa nyingi za chunusi huifanya ngozi iungue upesi. Doa bapa hufifia. Kovu lenye shimo au lililoinuka halifutiki kwa krimu na lina matibabu yake kwa daktari.

Ni katika kutafuta kuyafuta madoa hayo ndipo watu wanapoingia kwenye hatari kubwa. Rafiki yangu mmoja alinipa kikopo cha krimu kisicho na maelezo yoyote juu yake, na ndani ya siku tano uso wangu ulikuwa umetulia, umeng'aa, chunusi zimenywea. Nilimshukuru sana. Wiki ya saba ilipofika, mashavu yalikuwa yamejaa vipele vya ukubwa mmoja, ngozi imekuwa nyembamba hata mishipa midogo ikionekana, na nikiiacha krimu kwa siku mbili uso mzima ulikuwa ukiwaka moto. Daktari hakusita kusema kwamba dalili zile ni za steroidi kali, jamii ya betamethasoni au klobetasoli. Steroidi huzima uvimbe kwa haraka, ndiyo sababu huonekana kama muujiza, lakini zenyewe husababisha chunusi, hudhoofisha ngozi, na kuziacha ghafla huleta mlipuko, kwa hiyo anayezitumia kwa muda mrefu aende kwa daktari amsaidie kuziacha. Krimu ambayo haikuandikwa kilichomo usiipake usoni mwako, hata ikitoka kwa mtu anayekupenda.

Antibiotiki zina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni finyu kuliko tunavyozitumia. Klindamaisini ya kupaka isitumike peke yake, kwa kuwa bakteria hujenga usugu. Huambatanishwa na benzoili peroksaidi. Doksisaiklini ya kumeza hutolewa kwa chunusi nyingi zilizovimba, kwa miezi mitatu au minne hivi, huku dawa ya kupaka ikiendelea ili ibaki ikishika zamu pale vidonge vinapokoma. Humezwa kwa glasi kamili ya maji, na mtu asilale mara baada ya kuimeza, kwani ikikwama kooni huunguza. Haifai kwa mjamzito wala mtoto mdogo ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka, na huifanya ngozi iungue na jua kwa urahisi.

Kwa mwanamke ambaye chunusi zake hukaa kwenye taya na kidevu na kupamba moto kabla ya hedhi, daktari anaweza kupendekeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, au spironolaktoni, ambayo huzuia androjeni zisifanye kazi kwenye tezi za mafuta. Hizi si dawa za kuazimana. Vidonge hivyo huongeza uwezekano wa damu kuganda kwa baadhi ya watu, hasa wavutaji sigara waliovuka miaka 35, na spironolaktoni haitumiki wakati wa ujauzito.

Mwisho wa ngazi ipo isotretinoini ya kumeza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982 kwa chunusi kali za vinundu, na mpaka leo hakuna dawa nyingine inayozigusa sababu zote nne kama yenyewe. Watu wengi hupona kwa muda mrefu baada ya dozi moja ya miezi kadhaa. Nguvu hiyo ina gharama yake: midomo hukauka na kupasuka karibu kwa kila mtumiaji, mafuta ya damu na ini hupimwa kwa vipimo vya damu, na mabadiliko yoyote ya hisia au huzuni isiyo ya kawaida yaelezwe kwa daktari mara moja. Zaidi ya yote, humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, ndiyo maana mwanamke anayeweza kushika mimba hutakiwa kuizuia kuanzia mwezi mmoja kabla ya kuianza hadi mwezi mmoja baada ya kuimaliza. Haichanganywi na doksisaiklini, kwa sababu zikiwa pamoja zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu. Anayeipata kwa njia za pembeni bila vipimo anacheza na maisha yake na ya mwanawe.

Baada ya aina ya chunusi ndipo sasa aina ya ngozi ipewe kauli. Dawa ileile hutengenezwa kama jeli, krimu au losheni: jeli hukauka haraka na inawafaa wenye ngozi ya mafuta, krimu inawafaa wenye ngozi kavu au inayochokozeka upesi. Hata mwenye ngozi ya mafuta anahitaji losheni ya kulainisha anapotumia dawa hizi. Achague ile iliyoandikwa kwamba haizibi vitundu. Kunawa mara mbili kwa siku kunatosha.

Kuhusu muda, kitundu huchukua wiki kadhaa tangu kizibe hadi kipele kionekane, kwa hiyo vipele utakavyoviona mwezi huu vilikwisha kuanza kabla hujaifungua dawa. Ipe dawa wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kuihukumu, isipokuwa ikikuunguza, ikikuvimbisha au ikikuletea mzio. Anza na moja, kisha uongeze ya pili ngozi ikishaizoea ya kwanza. Mimi nilipiga picha ya uso wangu kila baada ya wiki mbili, dirisha lilelile, saa ileile ya asubuhi, bila kutabasamu. Kwenye kioo nilikuwa sioni mabadiliko yoyote hata katika wiki ya saba. Nilipoziweka picha nne kando kwa kando, vichwa vyeupe vya shavu la kulia vilikuwa vimepungua zaidi ya nusu.

Uso ulipotulia, katika mwezi wa tano, daktari alisimamisha benzoili peroksaidi lakini hakuiondoa adapalini. Niliiacha kwa uamuzi wangu mwenyewe, na baada ya miezi miwili, nilipoivuta ngozi ya shavu karibu na dirisha, chembe za mchanga zilikuwa zimeanza kurudi, ingawa hakuna aliyeziona ila mimi. Nikairejesha, usiku tatu kwa wiki, tone la ukubwa wa punje ya njegere, na ndivyo ninavyoendelea hadi sasa.